Msomi akisimulia wazo lililozaa kitabu chake, tumsikilize vipi?

MpekuaDibaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera kwenye hafla za kutambulisha vitabu vya kitaaluma. Msomi amemaliza sehemu kubwa ya ujana wake kwenye kitabu kimoja. Anapewa kipaza sauti, anaanza: "Sura ya kwanza inahusu usuli wa tatizo, sura ya pili inapitia nadharia..." Akifika sura ya nne, nusu ya ukumbi wako kwenye simu. Ndugu yangu, mpangilio wa sura nitausoma mwenyewe kwenye ukurasa wa yaliyomo. Ninachokitaka kinywani mwako ni kile ambacho kitabu hakikisemi, au kinakisema mbio mbio kwenye dibaji: ni kitu gani kilikukera mpaka ukaona huwezi kukaa bila kuandika?

Nina tabia ya kuanza kitabu kwenye dibaji na shukrani, na kila nikipekua naona vile vyenye uhai vilianzia kwenye kero. Lile "pengo la utafiti" tunalofundishwa kulitaja linakuja baadaye, likishatafutiwa nguo za kutokea.

Mchukueni Mary Douglas, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti wake kwa Walele wa Kasai, Kongo, mwaka 1949. Kitabu chake cha 1966, Purity and Danger, kinauliza kwa nini jamii huita kitu fulani najisi. Jibu lake ni kwamba uchafu ni kitu kilichokaa pasipo mahali pake. Viatu si vichafu kwa asili yake, ila viweke juu ya meza ya chakula uone watu watakavyokutazama. Sasa fungua shukrani. Anamtaja mumewe, ambaye uvumilivu wake kwa uchafu ulikuwa mdogo sana kuliko wa kwake, na anasema huyo ndiye aliyemlazimisha kuliko mtu mwingine yeyote kuchukua msimamo kwamba uchafu hutegemea anayeutazama. Yaani nyuma ya nadharia inayofundishwa vyuo vikuu dunia nzima kulikuwa na wanandoa wasioelewana nyumba ikiitwa safi ni safi kiasi gani! Sentensi ile moja ilinifungulia kitabu kizima.

Au Benedict Anderson na kitabu chake cha 1983 kuhusu taifa, Imagined Communities. Mwishoni mwa 1978 Vietnam iliingia Kamboja kwa jeshi, na Februari 1979 Uchina ikaivamia Vietnam. Nchi tatu, zote zikijiita za kimapinduzi, zinapigana, na hakuna aliyejisumbua kuihalalisha damu ile kwa hoja za Umaksi zenye uzito wowote. Anderson anaiweka kero hiyo kwenye kurasa za mwanzo kabisa. Kama ndugu wa itikadi moja wanauana kwa ajili ya taifa, basi hilo taifa ni kitu gani? Kila alichoandika baadaye humo, kuhusu magazeti na riwaya, ni jibu la swali hilo.

Ninayempenda kuliko wote ni James Scott. Kitabu chake cha 1998 kuhusu dola na mipango mikubwa inayoanguka hakikuwa kitabu alichokusudia kuandika. Alitaka kujua kwa nini dola siku zote huonekana adui wa watu wanaohamahama. Akawa anafuatilia majaribio ya kuwatuliza watu sehemu moja, na kadiri alivyochimba akaona yanafanana na mambo mengine ambayo dola huyapenda: majina ya ukoo ya kudumu, vipimo vinavyolingana nchi nzima, ramani za umiliki wa ardhi. Yote ni ya kumfanya raia asomeke kutoka ofisini. Ule mchepuko ndio ukawa kitabu, na vijiji vya Ujamaa vya Tanzania vikapata sura yao humo. Swali la awali alilirudia 2009, safari hii kwa watu wa milimani wa Asia ya Kusini-Mashariki.

Kwa hiyo mimi nasema tukimwalika msomi tuachane na muhtasari. Tumwulize kilichomkera, halafu tumwulize alipotelea wapi njiani. Karibuni.

KijitiChaTatu

Napiga kambi hapa. Leteni nondo.

ShahidiMkaidi

Mkuu, uzi mzuri, ila umewaamini mno hawa waheshimiwa.

Simulizi ya "wazo lilivyonijia" huandikwa kitabu kikishakamilika, na mtu anayejua mwisho wa hadithi hupanga mwanzo uufae. Peter Medawar, mwanabiolojia mwenye Nobeli, alizungumza redioni BBC mwaka 1963 akiuliza kama makala ya kisayansi ni udanganyifu. Hakuwa na maana kwamba matokeo ni ya uongo. Alisema umbo la makala, kwanza data halafu hitimisho, linapotosha namna fikra ilivyokwenda kichwani mwa mtafiti. Mimi naongeza kwamba hata dibaji ina umbo lake, na umbo la dibaji linadai kisa.

Mfano hai ni Darwin. Kwenye tawasifu aliyoiandikia familia yake mwaka 1876, anasema alikusanya mambo kwa wingi bila nadharia yoyote, kisha 1838 akamsoma Malthus, mwandishi wa hoja za ongezeko la watu, kujiburudisha, na nadharia ikapatikana. Ni kisa kitamu. Lakini madaftari yake yapo, na la kwanza kuhusu kubadilika kwa viumbe alilifungua Julai 1837. Lina nadharia kila upande: anabuni, anafuta, anabishana na nafsi yake. Huyo mkusanyaji mtulivu asiye na nadharia humwoni mle. Alimtengeneza mzee Darwin.

Na Thomas Kuhn, mwanahistoria wa sayansi? Anasimulia kwamba mwaka 1947, akiwa mwanafunzi wa fizikia Harvard anayeandaa mhadhara kwa wasio wanasayansi, alikuwa mezani na maandishi ya Aristotle mbele yake, mkononi ana penseli ya rangi nne, akatazama dirishani, na ghafla akaelewa kwamba Aristotle hakuwa mwanafizikia mbovu, ila alikuwa akijibu maswali mengine. Kisa hicho alikitoa kwa urefu miaka ya 1980. Zaidi ya miaka thelathini, na rangi za penseli bado anazihesabu! Sisemi anadanganya. Nasema kumbukumbu iliyosimuliwa mara nyingi hung'arishwa kila inaposhikwa.

MpekuaDibaji

@ShahidiMkaidi hapo kwa Darwin umenibana, nakubali. Lakini angalia ulichokifanya: umemkamata kwa sababu alisimulia. Asingeiandika ile tawasifu, tusingekuwa na kitu cha kulinganisha na madaftari. Simulizi ya mwandishi ni ushahidi kama ushahidi mwingine, inahojiwa. Na hata ikiwa imepambwa, inakuonyesha anataka kitabu chake kipimwe kwa kipimo gani. Kuhn na penseli yake anakwambia "kabla hujamcheka mtu wa kale, hakikisha umelijua swali lake." Ukikifungua kile kitabu chake cha 1962 kuhusu mapinduzi ya kisayansi bila kujua hilo, utadhani anasema sayansi ni ushabiki tu, na ndivyo wengi walivyomwelewa.

ShahidiMkaidi

Sawa, shahidi asikilizwe. Ila asiwe shahidi, wakili na hakimu kwa pamoja.

MwalimuWaZamu

Niingie kama mtu aliye jikoni. Nafundisha chuo, na sasa hivi nageuza tasnifu yangu ya uzamivu iwe kitabu. Vitabu vingi vya kwanza vya wanataaluma vinazaliwa hivyo, na huko kero hazina nafasi, kuna kamati.

Tasnifu inaandikwa kwa ajili ya watahini wachache ambao kazi yao ni kutafuta ulipokosea. Kwa hiyo unajikinga. Unapitia maandiko ya kila mtu aliyewahi kugusa mada, hata asiyekusaidia, asije mtahini akasema hukumsoma. Sura ya mbinu inakuwa ndefu kuliko matokeo. Ukija kuandika kitabu unagundua umejenga ukuta, na msomaji anatafuta mlango. Sasa nikiulizwa "wazo la kitabu chako ni nini?" kinywa kinakauka, kwa sababu kwa miaka mingi nilizoeshwa kujibu "nimechangia nini kwenye fani."

Anayenipa moyo ni Elinor Ostrom. Tasnifu yake ya 1965 ilihusu bonde moja la maji ya chini ya ardhi karibu na Los Angeles. Wenye visima walikuwa wanavuta maji kupita kiasi mpaka ya bahari yakaanza kupenya. Kila mmoja alijua akipunguza peke yake jirani atavuta zaidi. Walichofanya ni kuunda chama, wakaingia mahakamani kupatana kila mtu apunguze kiasi gani, wakaanzisha chombo cha kulijaza bonde, na kando ya pwani wakasukuma maji baridi ardhini yawe kizuizi dhidi ya chumvi. Ostrom aliyaandika hayo kama mambo ya utawala wa eneo. Miaka mitatu baadaye, 1968, ikatoka makala maarufu ya Garrett Hardin iliyosema mali ya wote huangamizwa na wote, na kwamba dawa ni dola au umiliki binafsi. Ostrom alikuwa tayari ameona kwa macho yake watu wakifanya jambo ambalo kwa nadharia hiyo haliwezekani!

Kitabu chake kikubwa kilitoka 1990, Nobeli ya uchumi ikaja 2009, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata, na fani yake ni sayansi ya siasa. Robo karne kutoka tasnifu hadi kitabu. Kwa hiyo mkituita kwenye hafla mkatuuliza kero, mjue wengine kero yenyewe tunaijua tukishachelewa. Yeye ushahidi aliupata kwanza, aliyestahili kubishana naye akaja baadaye.

KijitiChaTatu

Hii ya visima imeniingia. Mkuu @MwalimuWaZamu na cha kwako kinahusu nini?

MwalimuWaZamu

Historia ya vipimo sokoni. Nitarudi.

BiKalamuNyekundu

Nimekuwa mhariri wa vitabu vya kitaaluma kwa muda mrefu, acha niwape siri za nyuma ya pazia.

Mwandishi akinitumia mswada, sianzi ukurasa wa kwanza. Naenda kwenye hitimisho, aya mbili tatu za mwisho. Mara nyingi wazo la kitabu liko pale, limejificha baada ya kurasa mia tatu, kwa sababu mwandishi alilifikia akiwa amechoka na ameacha kujikinga. Kazi yangu ni kulibeba na kulipeleka mbele, kisha kumwambia aandike upya vilivyobaki kana kwamba alilijua tangu mwanzo. Kwa hiyo @ShahidiMkaidi ana haki. Huo "mwanzo" mnaousoma mara nyingi ni mwisho uliohamishwa, na aliyehamisha ni mimi.

Halafu kuna wahakiki. Mchapishaji wa kitaaluma hupeleka mswada kwa wataalamu wawili hivi ambao mwandishi haambiwi majina yao. Maoni yao yanaweza kugeuza kitabu. Nimeona mhakiki akiandika mistari minne tu na ndani ya hiyo minne kuna swali ambalo likawa jina la kitabu. Kwenye shukrani anaitwa "mhakiki mmoja asiyejulikana." Sasa wazo hilo ni la nani?

Mnataka mfano wa wazi? Fernand Braudel, mwanahistoria wa Ufaransa. Miaka ya 1920 alikuwa na mada ya heshima kabisa: siasa za nje za Mfalme Philip wa Pili wa Hispania kuhusu Mediterania. Mwanahistoria mwenzake, Lucien Febvre, akamwandikia mwaka 1927 kwamba mada ni nzuri, lakini kwa nini isiwe Mediterania na Philip wa Pili? Amegeuza mpangilio tu, bahari mbele, mfalme nyuma. Kitabu kilipotoka 1949 kilianza na milima, tambarare, visiwa na upepo, na mfalme ikabidi asubiri zamu yake. Rasimu yake aliiandika akiwa mateka wa vita Ujerumani kuanzia 1940, bila maktaba yake, kwenye madaftari aliyokuwa akimtumia huyo huyo Febvre. Swali la mwenzake lilidumu kuliko nyaraka zote alizoziacha nyumbani.

MtoaHoja_Pembeni

Bi Kalamu amefika ninapotaka. Tunapiga makofi kwa "wazo la mwandishi" kama vile mtu hukaa chumbani peke yake likamshukia.

Walter Rodney, kwenye dibaji ya How Europe Underdeveloped Africa (1972), kitabu alichokiandika akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliikataa waziwazi ile kauli ya desturi kwamba makosa yote yaliyomo ni ya mwandishi peke yake. Aliita hiyo fikra ya kibepari ya kujiona, akasema katika mambo kama haya wajibu ni wa pamoja, hasa wajibu wa kurekebisha kasoro. Wengine wataiona jeuri. Mimi naiona ndiyo dibaji ya kweli kuliko nyingi, maana hoja zile zilikuwa zinabishaniwa na watu wengi kabla hazijafungwa gundi.

BintiFaharasa

Na wanaochapa? Fungua kitabu chochote cha zamani cha profesa mwanamume: "namshukuru mke wangu kwa kuchapa mswada." Jina hana! Mwaka 2017 mtafiti mmoja wa fasihi Marekani alianza kuzikusanya shukrani za aina hiyo mtandaoni, watu wakazimwaga kwa wingi. Kuna waliochapa mswada zaidi ya mara moja, wakasahihisha, wakatafsiri, wakatengeneza faharasa, na malipo yao ni "mke wangu." Mtu aliyechapa mswada mzima mara kadhaa anajua udhaifu wa hoja kuliko mhakiki. Mnaniambia hakuwahi kusema "hapa hujaeleweka"?

ShahidiMkaidi

@BintiFaharasa hapo sina pingamizi, na wewe mwenyewe umetumia njia yangu: umesoma shukrani kinyume cha alivyotaka mwandishi.

JuaKali_la_Nadharia

Mmemsahau Paul Feyerabend, mwanafalsafa wa sayansi. Against Method ya 1975 ilipangwa iwe nusu ya mabishano. Rafiki yake Imre Lakatos alimchokoza aandike mawazo yake yote ya ajabu, naye Lakatos aandike majibu ya kumpiga, vitoke pamoja. Lakatos akafariki Februari 1974. Kitabu kikatoka upande mmoja, na watu wamekisoma kama kilio cha mtu anayeichukia sayansi. Ukijua kwamba kila kejeli iliyomo ilirushwa kwa mtu fulani aliyetarajiwa kuirudisha, sauti yake inabadilika kabisa.

MpekuaDibaji

Daah, hiyo nzito. Ndiyo maana nasema vitabu vya kitaaluma vina upande wa pili wa simu ambao msomaji hausikii.

Sasa tushuke kwenye vitendo. Hafla ipo, msomi yuko mbele, kipaza sauti kimekufikia. Unauliza nini? Mimi la kwangu nimeshalitaja.

ShahidiMkaidi

"Kabla hujaanza utafiti, uliamini nini ambacho sasa huamini?" Akijibu "hakuna," narudi nyumbani.

BiKalamuNyekundu

"Sura gani iliondolewa?" Kila kitabu kina sura iliyoondolewa. Uso wake utabadilika, na atazungumza dakika kumi bila kutazama karatasi. Ila msimwulize "kwa nini hukuandika kuhusu..." Hilo si swali, ni kitabu chako wewe, kaandike.

KijitiChaTatu

😂😂 Hao wa "swali langu lina sehemu tano" wamepigwa.

MwalimuWaZamu

Nimerudi. Nimesoma kila kitu, nikaenda kwenye hitimisho la tasnifu yangu kama Bi Kalamu alivyosema. Sentensi rasmi ya kazi yangu inasomeka hivi: "Utafiti huu unachunguza mabadiliko ya mifumo ya vipimo na athari zake katika mahusiano ya kibiashara." Nimeiandika mwenyewe na inanilaza.

Kilichonikera ni hiki. Mizani rasmi zilipoletwa, kila mtu alitegemea ugomvi wa wauzaji na wanunuzi uishe, maana uzito ni uzito. Kwenye mafaili ya kesi ninayoyasoma ugomvi haukuisha, uliongezeka.

ShahidiMkaidi

Kwa nini?

MwalimuWaZamu

Kwa sababu hawakuwa wanagombania uzito. Zamani muuzaji akishapima kwa kibaba alikuwa anaongeza kidogo juu, na hiyo nyongeza ndiyo iliyokuwa inasema wewe ni mteja wangu, au wewe sikujui. Mizani ilipoingia, ile nyongeza ikawa haina pa kukaa. Aliyepimiwa sawasawa kabisa alikwenda kushtaki kwamba amedhulumiwa.

BiKalamuNyekundu

Mama, hiyo ya mwisho iko ukurasa wa ngapi kwenye mswada wako?

MwalimuWaZamu

Haipo. Iko kwenye tanbihi, sura ya tano.

BiKalamuNyekundu

Itoe huko leo hii.

ShahidiMkaidi

Na mimi nitaidai ushahidi. Huyo aliyeshtaki baada ya kupimiwa sawasawa ni mtu mmoja, au wako wengi?

MwalimuWaZamu

Wako kadhaa, lakini yuko mmoja ambaye faili lake limekamilika: malalamiko, majibu ya muuzaji, na karani aliyeandika pembeni kwamba haelewi mlalamikaji anadai nini, kwani mizani imekaguliwa na haina kasoro.

ShahidiMkaidi

Basi anza na huyo karani.